Marehemu ni Kazi Gani

Shule yangu iko Mutuini, pale mashamba ya sukuma wiki yanapoishia na nyumba za kupangisha zinapoanza. Nasema yangu kwa sababu ni yangu. Hakuna kanisa lililonijengea na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikwenda Ghuba, Uarabuni, nikiwa kijana wa kufua mashuka ya hoteli, nikarudi na uwezo wa kununua kipande cha ardhi, kisha nikaingia chuoni nikiwa na mvi za kwanza kichwani. Niliketi dawati moja na vijana walioniita Guka, yaani babu, kwa utani, na nikatoka na diploma ya ualimu wakati baadhi yao walikuwa bado wanarudia mitihani. Diploma hiyo nimeitundika ofisini, katika fremu niliyotengenezewa River Road, mahali ambapo mgeni ataiona kabla hajaketi. Wapo wanaosema ninajivuna. Ni kweli, ninajivuna. Aliyeanza na mashuka ya watu akaishia na madarasa ya mawe hana sababu ya kutembea ameinamisha kichwa.

Kiswahili nafundisha mwenyewe. Walimu niliowaajiri ni wazuri, lakini wengi wao hufundisha msamiati kama walivyofundishwa: neno upande huu, maana upande ule, kariri. Mtoto wa Nairobi hucheza kwa Sheng ya mtaani, humsalimia nyanya yake kwa lugha ya kwao, na huomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kiingereza. Ukimpa neno la Kiswahili likiwa peke yake, atalibandika kwenye insha kama pambo. Niliwahi kusoma insha ambamo mtoto alisimulia jinsi mamake alivyompokea "kwa furaha na dhihaka". Nilipomuuliza dhihaka ni nini, alisema ni furaha kubwa zaidi.

Kwa hiyo nilibuni Neno la Ijumaa. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, mtoto husimama na kuleta neno alilolisikia kwa watu wazima na asilielewe. Mimi sikatai neno. Hiyo ndiyo sheria, na watoto wanaijua kuliko wimbo wa taifa. Kwanza namuuliza ni nani aliyelisema, na alimwambia nani. Halafu nampa maana. Mwisho anatunga sentensi yake mwenyewe, yenye mtu anayemjua. Mpaka atunge sentensi hiyo, neno bado si lake.

Kuna mvulana aliwahi kuleta tusi ambalo mamake humtupia mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Darasa zima lilijificha chini ya madawati kwa kicheko. Nililieleza bila kupepesa jicho, nikaonyesha kwa nini halisemwi mbele ya watu, tukaendelea. Mamake alikuja Jumatatu amejifunika nusu ya uso kwa leso. "Ticha, sasa hata kutusi siwezi nyumbani kwangu," akasema, na tukacheka wote wawili. Sijui shule nyingine huku Dagoretti inayofanya hivyo.

Msichana ninayetaka kumzungumzia alikuwa darasa la sita. Babake ni fundi wa kupiga kuta plasta katika nyumba hizi mpya za kupangisha. Mamake alikuwa msafishaji katika jengo moja la ofisi kule Westlands. Walitoka magharibi mwa nchi na kukodi chumba si mbali na shule. Mama huyo hakukosa mkutano wowote wa wazazi. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akiwa na sare yake na harufu ya sabuni ya sakafu, akaketi mstari wa mbele ambao wazazi wenye magari huuogopa. Bintiye alikuwa mwanafunzi wangu bora, na sikulificha jambo hilo. Nilikuwa nimeshawaambia wenye shule jirani kwamba mwaka huo, mtihani wa kitaifa ukitoka, watalitafuta jina la shule yangu kutoka juu.

Wiki chache kabla ya mtihani mama alishikwa na kifua, akalazwa. Jumapili moja akafa.

Jumatatu asubuhi baba wa msichana aliingia ofisini. Hakuitazama diploma. Aliketi, akaweka kofia yake ya kazi magotini.

"Mwalimu, mama watoto ametuacha."

Nilimpa pole.

"Watoto hawajui," akasema. "Tumewaambia bado ako wodi, na watoto hawaruhusiwi kuingia. Huyu mkubwa ako na mtihani Jumatatu ijayo. Afanye kwanza, ndio tumwambie."

"Na mazishi?"

"Jumamosi. Tunampeleka nyumbani. Watoto watabaki hapa na jirani."

"Mama yake azikwe, na yeye yuko hapa anafanya hesabu?"

"Kamati imekaa ikaona hivyo. Hata pasta ameona hivyo." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, na wewe si unataka apite?"

Nilitaka. Siwezi kuandika vinginevyo. Lakini nilimjibu hivi: "Mimi sitamwambia. Akiniuliza, sitamdanganya." Nadhani alisikia nusu ya kwanza tu, kwa sababu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akaenda.

Nusu ya pili ilikuwa na sababu yake. Nikiwa Ghuba, nilikuwa nikimpigia mama yangu simu kila Ijumaa. Kuna wakati ndugu zangu walianza kuipokea simu hiyo wao. Amelala, walisema. Ameenda kanisani. Simu yake imeingia maji. Mimi nilituma salamu na kuendelea kukunja mashuka. Nilimnunulia shali ya sufi nikaiweka chini ya kitanda. Siku moja, katika foleni ya chakula, kijana aliyewasili karibuni kutoka kwetu aliacha sahani yake akaja kunishika mkono. "Pole kwa mama," akasema. Nikamuuliza mama ana nini. Uso wake ulibadilika, akaanza kutafuta njia ya kurudi kwenye sahani yake. Mama alikuwa amezikwa zamani. Mahindi yaliyopandwa kando ya kaburi yalikuwa yameshatoa mbelewele.

Ndugu zangu walisema walinihurumia. Walisema ningejua, ningeacha kazi na kurudi, na leo kusingekuwa na shule. Jambo ninalolichukia kuliko yote ni kwamba kuhusu shule huenda wanasema kweli.

Wiki ile kulikuwa na mkutano wa matanga kila jioni katika ploti yao, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, kama ilivyo desturi. Nilihudhuria mmoja. Viti vya plastiki vya kanisa vilipangwa uani, chai ikapitishwa, mwenyekiti akafungua kwa maombi. Kwa kuwa majirani walikuwa wa kabila hili na lile, mambo yote yalisemwa kwa Kiswahili. Watoto walifukuzwa wakaangalie televisheni kwa mama muuza mboga, nyumba ya tatu, lakini ua wa ploti ni njia ya kila mtu, na watoto walipita kwenda chooni na kuteka maji. Kila mtoto alipopita, wazee walipunguza sauti. Hawakutaja jina la yule mama, wala hawakusema maiti, wala mochari. Walisema marehemu. Gari la marehemu. Safari ya marehemu. Niliona walivyolishika neno hilo wote pamoja, bila mtu kuwaambia, kama watu wanaoshika pazia. Mtaani kwetu watoto husikia kwamba mtu amekufa, ameenda, amededi. Marehemu ni neno la gazeti na la mimbari. Waliamini halingeeleweka.

Binti alipita na ndoo. Hakupita haraka.

Ijumaa ilifika. Mtoto wa kwanza alileta neno "dalali", tukamaliza nalo vizuri, kwa kuwa mjomba wake ni dalali wa mashamba na sentensi yake iliwachekesha wote. Kisha yule binti akasimama, bila kuinua mkono.

"Ticha, neno langu ni marehemu."

Watoto wa ile ploti waliinamia madawati yao. Wao walikuwa wakijua. Mtoto wa jirani hujua kila kitu.

"Nani alilisema?" nikauliza, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoanza.

"Watu wa mkutano kwetu. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, na kuna marehemu. Marehemu haongei, lakini kila kitu ni cha marehemu. Nataka kujua marehemu ni kazi gani."

Mvulana wa nyuma aliguna kicheko, jirani yake akamfinya.

Mpaka leo sijui kama kweli hakulijua neno lile. Alikuwa mwanafunzi bora niliyewahi kufundisha. Mara nyingi nafikiri alilijua nusu, au lote, na alilileta darasani kwangu siku ile kwa sababu ndiyo ilikuwa nafasi pekee Mutuini ambapo swali halikukataliwa.

Ningeweza kusema tutaliangalia wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa ya mtihani, na kesho yake ilikuwa ya kaburi. Niliwaambia wengine watoke wakacheze. Nilimwita mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima, akaja akaketi dawati la karibu. Nikafungua mlango wote, nikavuta kiti.

"Niambie walivyolitumia," nikasema.

"Walisema gari ya marehemu inatoka kesho asubuhi."

"Endelea."

"Walisema marehemu hana nguo ya maana, shangazi atanunua River Road."

"Endelea."

"Walisema watoto wa marehemu walale kwa mama muuza mboga." Alikuwa akitazama ubao, pale neno "dalali" lilipokuwa bado limeandikwa. "Na sisi ndio tulilala kwa mama muuza mboga."

Sikumharakisha. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ameshaanza kulia kimyakimya, jambo ambalo halikusaidia.

"Marehemu si kazi," nikasema. "Ni neno la heshima. Walio hai hulitumia wanapomtaja mtu aliyekufa."

"Aliyekufa."

"Ndiyo."

"Halafu anaacha lini kuitwa hivyo?"

"Haachi."

"Jana baba alisema mama amekula uji wote."

"Sijui kwa nini baba alisema hivyo. Nadhani alitaka umalize mtihani kwanza. Mama yako alifariki Jumapili. Wanampeleka nyumbani kesho kumzika." Nilisema hivyo, kwa maneno hayo, bila kupaka chochote. Katika foleni ile ya chakula hakuna aliyekuwa na maneno ya wazi ya kunipa, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu anastahili angalau hayo.

Hakulia. Alivuta soksi yake moja iliyoteremka, akairudisha chini ya goti.

"Ticha, ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Jibu lilikuwa la kweli. Alilipokea kama anavyopokea jibu la hesabu ambalo ni sahihi na bado halimfurahishi. Alikusanya vitabu vyake. Nilimwambia asihangaike na sentensi, na akasema, "Nitaleta," akaondoka na yule mwalimu akimfuata kwa nyuma.

Babake alikuja kabla kengele ya jioni haijalia. Alikuwa na plasta kavu mikononi hadi kwenye viwiko. Hakuketi.

"Mwalimu, nilikuomba kitu moja tu."

"Nilikuambia akiniuliza—"

"Wachana na hiyo! Umejua vile amekuja? Amesimama katikati ya kamati, mbele ya pasta, akauliza marehemu wake ako mochari gani. Mbele ya watu! Mwenyekiti amemwaga chai kwa suruali."

"Alikuwa na haki ya kuuliza."

"Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu!" Alipiga kifua chake, vumbi jeupe likaruka. "Nilikuwa nimejipangia maneno. Nimekaa nayo usiku zote hizi. Wewe umenyang'anya."

"Ungemwambia lini, Baba?"

"Baada ya mtihani."

"Ukishamfukia mama yake."

Mkono wake uliinuka. Kwa muda nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Badala yake aliuelekeza ukutani, kwenye fremu.

"Hiyo diploma walikupatia ya kufundisha watoto ama ya kuwaumiza?"

Aliondoka bila kungoja jibu. Alama ya vidole vyake vya plasta ilibaki kwenye ukingo wa mlango. Niliifuta mwenyewe kabla walimu hawajaiona.

Jumamosi binti alikwenda na gari. Hawangeweza kumwacha, alikuwa ameshaketi ndani yake, karibu na dirisha, kabla dereva hajamaliza chai. Mimi sikwenda. Hakuna aliyenikaribisha, na sitaki kujifanya kwamba ningekaribishwa. Habari nyingine nilizipata kwa mama muuza mboga, aliyesafiri nao.

Alinieleza kuwa Ijumaa ileile, kabla ya magharibi, shangazi alirudi kutoka River Road na gauni jeupe, refu, kubwa kupita kiasi, la aina wanayovalishwa wafu wasio na mtu wa kuwachagulia. Binti alilitazama likiwa limetandazwa kitandani. "Si hiyo," akasema. Akapiga magoti, akavuta sanduku kutoka uvunguni, akatoa chini ya blanketi gauni la kijani lenye kola, likiwa bado na karatasi ya duka. Mamake alikuwa amelinunua kwa siri ili alivae siku yetu ya kuwapa wanafunzi zawadi shuleni. Alimwambia bintiye kwamba amechoka kuketi mstari wa mbele na sare ya kusafishia choo. Hakumwonyesha mumewe, asije akaambiwa ni matumizi mabaya. Alimwonyesha binti peke yake, usiku mmoja umeme ukiwa umepotea, kwa mwanga wa simu.

Shangazi alisema kijani si rangi ya mazishi. Wanawake wa kanisa wakasema nyeupe ndiyo ya mbinguni. Binti hakubishana, alilikumbatia tu gauni lile mpaka babake akaingia, akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Avalishwe hiyo." Asubuhi gari lilisubiri mochari wakati marehemu akivalishwa gauni hilo.

Walirudi Nairobi Jumapili usiku. Jumatatu aliketi kwenye chumba cha mtihani, macho yamevimba, penseli zake zimechongwa. Nilipita dirishani. Aliandika, kisha aliiweka penseli chini akatazama nje mpaka msimamizi alipomgusa bega, kisha akaandika tena. Matokeo yalipotoka baadaye alikuwa amepita, lakini si kama nilivyowatangazia watu. Walioalikwa kulitafuta jina la shule yangu kutoka juu walilazimika kuteremka kidogo. Walinikumbusha jambo hilo, na bado wananikumbusha.

Ijumaa ya wiki ya mtihani, katikati ya kipindi, alisimama mlangoni na nguo za nyumbani. Babake alikuwa nyuma yake kwenye veranda, ana begi begani na mdogo wa mwisho mkononi. Alikuwa anawapeleka watoto kwa nyanya yao. Fundi wa plasta anayetoka alfajiri hawezi kulea peke yake katika chumba kimoja.

"Nimeleta sentensi," akasema.

"Iseme."

Aliingia mpaka mbele, akawageukia wenzake kama sheria inavyotaka.

"Marehemu mama yangu alivaa gauni lake la siku ya zawadi, na lilimtosha."

Niliiandika ubaoni. Haikuwa na kosa. Watoto waliinakili madaftarini, wote, hata yule mvulana wa kicheko. Nilimwambia neno sasa ni lake. Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kama mtu aliyepewa kitu.

Nilitoka nao hadi veranda. Babake alihamisha begi bega la pili.

"Ile nguo singeijua," akasema, bila kunitazama. "Angezikwa na ile ingine."

Alimvuta yule mdogo karibu.

"Lakini sijakusamehe, Mwalimu."

"Sijakuomba," nikamwambia, na ndivyo ilivyokuwa. Kama neno lile lingeletwa kwangu leo, ningelieleza vilevile. Aliitazama shule yangu, madarasa yote ya mawe, kana kwamba anakagua plasta, akamshika binti mkono, wakateremka kuelekea steji ya matatu.

Nilirudi darasani. Sentensi ilikuwa bado ubaoni.

"Haya," nikasema. "Nani mwingine ana neno?"

Walinitazama. Ni watoto ambao kwa kawaida hupiga kelele na kurushiana mikono ili wachaguliwe kwanza. Hakuna mkono ulioinuka. Wiki iliyofuata waliniletea "jokofu" na "pasi", maneno waliyoyajua tangu darasa la kwanza. Msichana mmoja mdogo, anayeishi ploti moja na mama muuza mboga, alisimama mwishoni akaniuliza kama kuna neno ambalo si la kuuliza.

"Hakuna," nikamwambia.

Alifikiri kidogo, akasema asante, akaketi, neno lake likiwa bado mdomoni.